India Ambako Kila Kitu Kilikwisha Jana

Watu wa mtaa wetu wa Bondeni walimwita Mwanafunzi, na badala ya kuona haya alilivaa jina hilo kama koti. Alikuwa amepita miaka arobaini, ana mke na watoto wanne, mvi zimeanza kumtoka masikioni, na bado alikuwa anasoma. Alisoma kwa posta. Kila mwezi bahasha ya kahawia ilimfikia kutoka Uingereza, naye aliitembeza mtaani siku tatu kabla ya kuifungua, ili kila mtu apate nafasi ya kuuliza ni nini. Umeme aliuacha somo la nne. Sheria aliiacha somo la sita, na kwa muda mrefu baada ya hapo alizungumza kama mtu aliyeponea chupuchupu kuwa hakimu. Uandishi wa habari ndio uliompata, na ukatupata sisi pia.

Nimewadharau watu wengi maishani mwangu, sikatai. Shangazi yangu alikuwa akisema nilizaliwa na mdomo umepinda. Lakini wengine niliwadharau kwa kupita tu, wakapona. Huyu nilimdharau kwa bidii, miaka na miaka, na sababu ninayo.

Kazi yake ilikuwa kutunza stoo kwenye kiwanda cha mbao karibu na reli. Fundi mkuu wa pale, Singasinga mmoja mnene na mpole, alikuwa na redio ya betri, akaiweka kwenye rafu ya stoo kwa sababu huko vumbi la mbao halikufika. Kila mchana redio ile ilisoma habari kutoka Delhi kwa Kihindustani. Mwanafunzi alikuwa ameokota lugha hiyo kwa mafundi, leo neno la msumari, kesho neno la gundi, hata akaamini kwamba amekimaliza Kihindustani chote. Akajiona balozi.

Jumamosi kazi zilikwisha saa saba mchana. Saa nane Mwanafunzi alikuwa ameshafika kwenye hoteli ya shangazi, mabati matatu na mabenchi mawili, ambako nilikuwa nikilala na kusaidia siku nisizokwenda kazini. Alipenga kamasi kwanza. Alitoa leso, akapenga pua ya kulia, akapenga ya kushoto, akakunja leso pembe nne, akairudisha. Watu wakajua habari zimefika. Kwenye ukuta wa shangazi alikuwa amechora India kwa makaa, ikining'inia kama kiwele cha mbuzi, na kila Jumatatu shangazi aliifuta na kila Jumamosi aliichora tena.

"Juma hili nchini India," alianza, na wanaume walioshuka kwenye malori na kutoka reli wakanyamaza na vikombe mikononi.

Ni haki niseme kwa nini walinyamaza. Miaka ile ukitaja habari za Kenya ilibidi kwanza utazame nani amekaa nyuma yako. India haikuwa na mpelelezi Bondeni. Mtu angeweza kusema kwa sauti kubwa kwamba Mwingereza amefukuzwa, na akaongeza sukari kwenye chai yake, kwa sababu alifukuzwa India. Siku moja alikuja askari kanzu, akakaa benchi la mbele na daftari. Mwanafunzi akampa nusu saa ya mabwawa na mifereji ya maji, na yule askari akalala mpaka kofia ikamdondoka. Mtu mwingine yeyote angelala pia. Lakini wale wanaume walisikia kila bwawa kama fumbo. Bwawa likifunguliwa walitazamana, mfereji ukichimbwa walikohoa. Wao walidhani anazungumza juu yetu kwa mafumbo, na mimi niliyemjua nilikuwa najua hakuna fumbo lolote. Yeye alikuwa anazungumza juu ya bwawa.

Nilimwuliza siku moja mbona hasemi ya kwetu. Akanitazama juu ya chai.

"Ya hapa bado haijakuwa habari," akasema. "Ikikuwa habari, mimi nitasema."

Baada ya habari yalifuata maoni. Hapo ndipo niliposhindwa kujizuia, nikaenda kuosha sufuria kwa kelele. "Na sasa," alisema, akinyanyua kidole, "maoni yangu mimi kama mwanafunzi." Kisha akawakaripia mawaziri wa India mmoja mmoja. Waziri wa reli amekosea kununua vichwa vya treni nje. Waziri wa chakula hajui ngano. Wangemwuliza yeye, wangefanya hivi na hivi. Mtu ambaye paa lake mwenyewe lilikuwa likivuja tangu mvua za mwaka juzi alikuwa akipanga jinsi ya kulisha jimbo zima la Bihari. Debe tupu haliachi kuvuma, na hili lilivumia ng'ambo ya bahari.

Alituambia kwamba kule kila mtu anapiga kura, hata dobi, na asiyejua kusoma anawekewa picha kwenye sanduku: ng'ombe wawili, au taa, au kibanda.

"Na wanawake?" shangazi akauliza kutoka jikoni.

"Hata wanawake, mama."

"Wewe bibi yako angechagua picha gani?"

Watu wakacheka. Mwanafunzi akasema mke wake hana haja ya picha kwa sababu yeye humweleza. Mke huyo alikuwa amesimama nje wakati ule, na mtoto mgongoni, akisubiri habari za India ziishe ili wakanunue unga.

Kubwa kuliko yote lilikuwa la kikombe. Alitangaza Jumamosi moja, machozi yakimlengalenga, kwamba nchini India sheria imefuta unajisi, kwamba mfagiaji wa vyoo sasa ni mtu kama mtu mwingine na atakunywa maji kisima kimoja na wote. Maoni yake siku hiyo yalikuwa marefu. Kwenye benchi la nyuma alikuwa amekaa mzee mmoja wa ndoo, wale waliokuwa wakibeba uchafu wa vyoo vya manispaa, akisikiliza kwa furaha kubwa. Mwanafunzi alipomaliza aliingiza mkono mfuko wa koti akatoa kikombe chake mwenyewe cha bati, alichokuwa akija nacho kila Jumamosi ili asinywee kikombe alichokinywea yule mzee. Nyani haoni kundule, ndiyo, lakini huyu kundule alitembea nalo mfukoni.

Na bado alikuwa na jambo moja ambalo sijui niliweke wapi. Alimfundisha shangazi kuandika jina lake. Miezi miwili, kila Jumatano jioni, alikaa naye juu ya gunia la makaa akimshika mkono kwenye kalamu, hakutaka hata chai. Mama wa watu alikuwa amepita hamsini. Siku alipoliandika lote bila kushikwa mkono, Mwanafunzi aliinuka akampa mkono kama mtu anayempongeza bwana harusi. Nimejaribu kulidharau hilo pia, nimeshindwa.

Sasa nieleze India yenyewe ilivyokuwa. Katika India ya Mwanafunzi, kila kitu kilikuwa kimefanyika jana. Jana wamefungua bwawa. Jana wamefuta karo. Jana wamepeleka umeme vijijini. Sikupata kusikia kwamba kuna jambo linaendelea, au limekwama, au litajaribiwa mwakani. Niliwaza moyoni: hii ni nchi gani isiyo na kesho? Lakini nilikuwa msichana wa miaka kumi na saba, na sikuwahi kwenda mbali kuliko Dundori kwetu, nikadhani labda nchi zikishapata uhuru huwa hivyo.

Baba yangu alikuja mjini Jumamosi na lori la viazi. Alikuwa skwota, kibarua anayeishi na kulima kwenye shamba la bwana wake, kwa Mzungu mmoja huko Dundori, miaka kumi na tano, mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache. Lori likishapakua stesheni alipata saa mbili za kukaa kwa dada yake, na saa hizo zikaangukia habari za India. Yeye peke yake alimwita yule mtu Mwalimu. Mimi iliniuma kumwona akivua kofia kumsikiliza.

Jumamosi yenyewe ilikuwa mwaka ule kabla ya Hali ya Hatari. Mwanafunzi alipenga kamasi, akakunja leso, akatuambia juu ya mzee mmoja mwembamba wa huko India, anayetembea kwa miguu kijiji hadi kijiji akiwaomba wenye mashamba makubwa wawakatie kidogo wale wasio na chochote. Hashiki panga, hatukani mtu. Anaomba tu.

"Na jana," Mwanafunzi akasema, "wamewapa. Mashamba imepewa watu, maelfu na maelfu."

Baba akanyoosha mkono kama mtoto wa shule.

"Mwalimu, walipewa kwa kuomba tu?"

"Kwa kuomba, Mzee. Kwa heshima."

"Hakuna vita?"

"Hakuna hata fimbo."

"Na imekwisha?"

"Imekwisha jana."

Baba akashukuru, akavaa kofia, akarudi kwenye lori. Hakuniambia alichokuwa anawaza. Jumatatu asubuhi alivaa shati la kanisani, akapanda mpaka kwenye veranda ya Mzungu, akangoja amalize chai. Akamwomba kile kipande alichokuwa akikilima, chenye nyumba yetu na kaburi la mama yangu. Hakuomba shamba. Kipande.

"Nani alikwambia hii maneno?" Mzungu akauliza.

"Redio, Bwana. Huko India wenye mashamba wamegawia watu."

Mzungu alimwita mkewe aje asikie, wakacheka pamoja. Kisha kicheko kikamwisha, akauliza ni skwota wangapi wengine wamesikia hizo habari za redio. Baba, kwa kuwa hakujua kusema uongo, alisema hajui, labda wengi.

"Siku saba," Mzungu akasema. "Wewe na kondoo yako yote, kwenda."

Siku ya nane nyumba ilifungwa mnyororo ikavutwa na trekta. Kondoo waliuzwa Jumatano kwa mtu aliyejua hatuna pa kuwaweka. Pale alipolala mama palipandwa pareto. Baba alishuka Bondeni na godoro moja, akaingia chumba cha nyuma cha shangazi, na kuanzia hapo akabeba magunia stesheni, mtu mzima wa umri wake.

Ukweli niliupata nikiwa kazini. Nilikuwa yaya kwa familia moja ya Kipunjabi, na mama wa nyumba ile alinisemesha Kiswahili kilichochanganyika na Kihindustani. Siku moja aliniambia, "Kal wewe vunja kikombe," na kweli nilikuwa nimekivunja jana yake. Jioni nilipokuwa natoka akaniambia, "Kal kuja mapema." Nikasimama mlangoni.

"Mama, hii kal ni jana ama ni kesho?"

Akacheka. "Yote. Kal ni kal. Sikiliza neno ya mwisho, hiyo ndiyo nasema ni gani."

Nikatembea hadi nyumbani na maneno hayo. Neno la mwisho. Kumbe lugha yenyewe inakutaka usubiri sentensi iishe ndipo ujue kama jambo limefanyika au bado, na tulikuwa tumempa kazi hiyo mtu ambaye hakuwahi kusubiri kitu chochote kiishe. Kila kal aliigeuza jana. Bwawa lilikuwa kesho. Karo ilikuwa kesho. Yale mashamba, mangapi yalikuwa yametolewa na mangapi yalikuwa yakiahidiwa, nani angejua? Yote yalikuwa yamepikwa chungu kimoja stoo ya mbao.

Nilimfuata Mwanafunzi stoo kesho yake, kabla ya king'ora cha saa sita. Alikuwa anahesabu bawaba.

"Kal ni nini?" nikamwuliza, hata salamu sikumpa.

"Jana."

"Na kesho ni nini?"

Aliziweka bawaba chini moja moja. Kwanza alijaribu ukubwa. "Wewe yaya unataka kunifundisha mimi Kihindustani?" Nikamwambia ndiyo. Akatazama mlango, akaona hakuna mtu, na sauti ikashuka.

"Binti, mimi nilijua. Mwanzoni sikujua, baadaye nilijua. Lakini hawa watu wanatoka kazi wamechoka. Kesho wameambiwa na Mzungu, wameambiwa na kanisa, wameambiwa na kila mtu. Na mimi pia niwape kesho?"

"Ungempa baba kesho, angekuwa na nyumba."

Akarudi kuhesabu bawaba. Nilidhani basi, aibu imemshika. Jumamosi iliyofuata alikuja, akapenga kamasi, akachora kiwele chake ukutani, na nchini India jana walikuwa wamefungua kiwanda cha chuma. Baba alikuwa amekaa hapo hapo, amevua kofia. Hapo ndipo dharau yangu ilipokomaa. Mtu akikosea unaweza kumsamehe, lakini huyu alikuwa amejua, na aliendelea kunywea kikombe chake.

Mimi pia sikumwambia baba. Nilisema moyoni nitamwambia akipumzika kidogo, kisha nikasema akipona kifua, na miaka ikapita namna hiyo. Hali ya Hatari ilipotangazwa mikutano ilikufa, hata ya India. Shangazi alifuta ukuta kwa mara ya mwisho akaupaka chokaa. Mwanafunzi akaacha kuja, ila bahasha za kahawia niliendelea kuziona zikitembea mtaani chini ya kwapa lake.

Lililonitesa zaidi si godoro moja wala magunia. Ni kwamba baba aliamini kosa ni lake. Hakumlaumu Mzungu sana, na Mwalimu hakumlaumu kabisa. Alisema, kule India waliombwa wakatoa, na yeye aliomba akafukuzwa, kwa hiyo hakujua kuomba. Kila asubuhi, nikiwa nakoroga uji, nilimsikia chumba cha nyuma akiyapanga upya yale maneno aliyoyasema kwenye veranda. "Bwana, nimekuja kwa heshima." Hapana. "Bwana, kwa heshima nimekuja." Siku moja aliniita, uso wake una nuru, kama aliyeokota kitu.

"Mwanangu, nimeona nilipokosea. Nilisema 'nipe.' Yule mzee wa India lazima alisema 'nigawie.'"

Miaka saba nilisikia hayo. Kifua kilipomlaza kitandani moja kwa moja, nikaona siwezi kumwacha afe akijishtaki kwa ajili ya neno la stoo ya mbao. Nilimvizia Mwanafunzi nje ya posta. Alikuwa amezeeka, miwani imefungwa uzi, na bahasha anayo.

"Utakuja kumwambia baba," nikasema. "Leo. Utamwambia kal ni nini."

"Itamsaidia nini sasa?"

"Atajua hakukosea. Hiyo tu. Unaweza kumaliza jambo moja kabla hujafa?"

Alikuja. Hilo nampa. Alivaa koti, akakaa kwenye kigoda kando ya kitanda, na baba, aliyekuwa hata kukaa ni taabu, alijaribu kujiinua kwa ajili ya mgeni.

"Mwalimu! Karibu. India wanasemaje?"

"Mzee," Mwanafunzi akasema, na leso haikutoka mfukoni. "Ile habari ya mashamba. Nilisema walipewa jana. Kuna neno moja kwa lugha yao, ni jana na ni kesho. Mimi nilichagua jana."

Baba akamtazama. "Kwa hiyo walipewa kesho yake?"

"Wengine walipewa kidogo, mawe mawe. Wengine waliahidiwa. Wengi mpaka leo hawajapata. Wale wenye mashamba wengi walikataa, Mzee. Hata yule mzee mwenyewe alipoomba."

"Na yeye alijua kuomba."

"Alijua kuliko mtu yeyote."

Nilisimama mlangoni nikingoja uso wa baba ulegee. Ndicho nilichokuwa nimemletea, mapumziko. Vidole vyake vikatembea juu ya blanketi, na nikaanza kuogopa. Nilimfanyia Mwanafunzi ishara kwamba yatosha. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa amedhamiria kufika mwisho, na hakuniona.

"Hukukosea, Mzee," akasema. "Hata ungesema namna gani, angekufukuza."

"Hata ningesema 'nigawie'?"

"Hata hivyo."

"Basi hakuna namna nzuri ya kuomba," baba akasema polepole. Kisha akanigeukia mimi, huyu mzee wa kanisa aliyetulea kwa tafadhali na asante. "Umesikia? Watoto wako wasiombe."

Mwanafunzi aliondoka bila kunywa kitu. Sikumsindikiza, na tangu siku hiyo hata nilipohama Bondeni sikumwona tena. Ukiniuliza leo kama bado namdharau, nitakuambia ndiyo, ila siku hizi nikimdharau najikuta nimesimama karibu naye.

Kesho yake niliamka kama kawaida, nikawasha moto, nikabandika uji. Nilikoroga polepole nikimsikilizia chumba cha nyuma, nikingoja aanze: Bwana, nimekuja kwa heshima. Alikuwa macho, nilimsikia akikohoa. Uji ukachemka, ukaiva, nikauepua. Hakuanza.